Mama Mhanga na Nyumba Yenye Kesi

— Paukwa.

— Pakawa.

— Nina ngano mgongoni.

— Itue.

— Ni nzito, ina mama na mwanawe.

— Tutashika upande.

Haya, shikeni. Mazengo, acha kuchokoa moto, huo moto haujakuudhi. Nyemo, sogea kidogo, umemkalia mwenzio shuka.

Nyemo huyu ametoka shuleni leo, hata sahani hajashika, ananiambia, "Bibi, mwalimu amesema kila ngano ina vitu vitatu. Ina mahali, ina watu, ina jambo." Nikamwambia mwalimu wako hajakosea. Ila kulikuwa na wazee walioyajua hayo matatu kuliko hata mwalimu wako, na nusura wamuue mtoto kwa kuyajua. Hao wazee ndio nawaletea leo. Nami nasema mapema, wananiudhi, kwa hiyo mkiniona nimekunja uso msiulize bibi ana nini.

Hapo kale, wakati wanyama wanakaa barazani na sisi tunakaa porini, palikuwa na nyika inaitwa Isolwa. Ardhi ngumu, nyasi fupi, migunga imesimama mmoja mmoja. Na katika nyika hiyo alikaa Mama Mhanga.

Mhanga mnamjua? Hamumjui. Ni mnyama wa kukaa shimoni. Ana pua ndefu, masikio ya punda na makucha ya kuchimbia. Chakula chake mchwa. Hana meno ya kumuuma mtu wala pembe za kumchoma mtu. Akigombezwa anainamisha masikio, basi.

Mama Mhanga alichimba nyumba yake mwenyewe. Alichimba siku ya kwanza, akapiga kona ya kwanza. Akachimba siku ya pili, akapiga kona ya pili. Akachimba siku ya tatu, akatengeneza chumba. Na katika chumba hicho akajifungua mtoto mmoja, mwekundu, ngozi imemlegea, masikio yamejikunja, hajui kutembea wala kukaa. Anajua kunyonya tu.

Usiku mmoja Mama Mhanga akamnyonyesha mwanawe, akamwambia, "Lala, naenda kutafuta mchwa, alfajiri nitakuwa hapa." Akaenda. Alfajiri akarudi kama alivyosema. Lo, mlangoni kuna pembe.

Pembe mbili, zimepinda, zinatazama nje. Nyuma ya pembe kuna macho. Nyuma ya macho yuko Ngiri.

"Hodi," akasema Mama Mhanga.

"Karibu," akasema Ngiri. "Ila usiingie, nyumba ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Si unaniona mlangoni?"

Mama Mhanga akasema, "Bwana Ngiri, hii nyumba nimeichimba mimi, na mwanangu yumo ndani." Ngiri akainamisha pembe. Akasema tena, "Mwanangu yumo ndani." Ngiri akainamisha pembe zaidi. Akasema mara ya tatu, na mara ya tatu pembe zikamfika kifuani. Akarudi nyuma.

Ngiri hakuwa mtu mbaya sana, nasema kweli. Usiku ule, mama alipokwisha kutoka, aliona wingu, akaogopa mvua, akakuta shimo tupu, akaingia. Alivyoona yeye, shimo lilikuwa tupu. Mtoto hakumwona. Mtaelewa kwa nini, nyamazeni.

Basi Mama Mhanga angefanya nini? Angeweza kuchimba kwa nyuma, makucha anayo. Lakini alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na alilelewa akiambiwa watu wazima hawapigani, wanapelekana barazani. Akaenda barazani, mbio, masikio yanapigapiga. Hilo ndilo kosa lake, na mimi simlaumu, maana hata mimi ningekwenda.

Baraza la Isolwa lilikuwa la Mzee Nyati. Nyati alikuwa mkubwa, mzito, mapembe yamemfunika paji lote la uso, na kabla ya kujibu neno lolote alicheua kwanza. Ukimwambia "Shikamoo", anacheua, anameza, ndipo anasema "Marahaba". Watu walisema ana hekima. Pembeni yake alisimama Kanga, karani wa baraza, ndege mwenye madoa na sauti kali, anayejua sheria zote kwa kichwa.

Mama Mhanga akafika, akasema, "Shikamoo Mzee. Mwanangu amefungiwa ndani."

Nyati akacheua. Akameza. "Marahaba," akasema. "Kanga, msomee utaratibu."

Kanga akanyoosha shingo. "Baraza la Isolwa linapokea shauri kwa njia ya ngano. Ngano ina mahali, ina watu, ina jambo. Siku ya kwanza mahali. Siku ya pili watu. Siku ya tatu jambo. Asiyefuata mpangilio hasikilizwi."

"Lakini mtoto ananyonya," akasema Mama Mhanga.

"Hilo ni jambo," akasema Kanga. "Siku ya tatu."

Sasa msiseme walikuwa wajinga. Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Zamani kabla ya hapo, Swala alikuja mbio analia, "Moto, moto!" Wanyama wote wakakimbia. Hakuna aliyeuliza moto uko wapi. Wakakimbia, wakakimbia, wakakimbilia motoni. Waliobaki wakakaa chini wakakubaliana kwamba Isolwa kuanzia leo tunauliza mahali kwanza. Sheria nzuri. Wakaipenda mno, ikawa hata mtu akilia jicho lina mwiba anaulizwa jicho hilo liko wapi.

Baraza likahamia kwenye nyumba yenye kesi, kama ilivyokuwa desturi. Ngiri akaambiwa atoke, akatoka, mkia juu. Kisha Kanga akaleta tawi la mgunga lenye miiba mirefu akaziba nalo mlango.

"Nyumba yenye kesi haiingiwi," akasema Kanga. "Haiingiwi na mlalamikaji wala na mlalamikiwa. Atakayeondoa mwiba huu, au akachimba, kabla ya hukumu, ameshindwa."

Mnaona? Mwanzo mtoto alizibiwa na Ngiri mmoja. Sasa amezibiwa na baraza zima.

Mama Mhanga akainama mlangoni, akapenyeza pua kwenye miiba mpaka ikachubuka, akaimba. Nanyi mtaitikia, msiniache peke yangu:

— Mwanangu wa shimoni,

— Ungali upo?

— Mama yupo mlangoni,

— Ungali upo?

Ndani, mbali, mtoto akajibu. Alijibu mara tatu: mmh, mmh, mmh.

Wote walisikia. Nyati alisikia, Kanga alisikia, Ngiri alisikia. Pundamilia waliokuja kutazama kesi wakatazamana.

"Ni nini hicho?" akauliza Nyati.

"Ni nyumba," akasema Ngiri. "Nyumba nzuri zote hulia kidogo zikiwa mpya."

"Baraza litauliza sauti hiyo ni ya nani siku ya watu," akasema Kanga. "Leo ni mahali."

Siku ya kwanza, basi, ni mahali. Akaanza Ngiri. Ngiri alikuwa na mdomo mtamu, hamjapata kuona. Akasimama, akasafisha koo, akasema: "Katika nyika ya Isolwa, upande jua linakotokea, kuna migunga mitatu. Wa kwanza mrefu, wa pili mfupi, wa tatu umevunjika tawi. Mbele ya migunga kuna kichuguu. Asubuhi kivuli cha kichuguu kinakuja mlangoni, mchana kinaondoka, jioni kinarudi upande wa pili. Ukikaa mlangoni unaona kilima cha mbali, na juu ya kilima wingu. Hapo ndipo ngano yangu ilipo."

Watu wakaguna kwa raha. Pundamilia mmoja akafumba macho ili apaone vizuri.

Nyati akacheua. "Na ndani?" akauliza. "Ndani kukoje?"

"Ndani ni ndani, Mzee," akasema Ngiri. "Mimi naingia kwangu kinyumenyume, alivyoingia baba yangu na alivyoingia babu yangu. Makalio mbele, pembe nyuma, macho yanatazama nje. Sijapata kugeuka. Mtu anayeingia kwake kichwa mbele ana wasiwasi na nyumba yake."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Waliona ni heshima. Mimi nikifika hapa huwa natamani ningekuwapo nikamuuliza swali moja tu, lakini sikuwapo, na aliyekuwapo hakuuliza.

Ikawa zamu ya Mama Mhanga. "Mwanangu yumo ndani," akasema.

"Mahali," akasema Kanga.

"Yumo chumbani, hajanyonya tangu jana usiku."

"Mahali, mama."

"Ni hapa. Hapa mlipokaa. Hapo chini ya miguu yenu."

"Baraza halijui hapa wala hapo. Baraza linajua mahali."

Mama Mhanga akavuta pumzi. Hakuwa msemaji. Watu wanaoshinda shimoni hawana pa kuzoea kusema. Akajikaza, akasema: "Ukiingia, mwendo wa hatua nne, unakuta mzizi. Nyumba inapinda kushoto kwa sababu ya mzizi. Hatua tatu, inapinda tena inakwenda chini. Hapo udongo ni baridi. Hatua mbili, unafika chumbani. Chumba ni cha mviringo, nimekilainisha kwa mgongo wangu. Na katikati ya chumba kuna—"

"Simama hapo," akasema Kanga. "Hao sasa ni watu. Kesho."

Nyati akacheua kwa muda mrefu. Jua likafika utosini, na jua likifika utosini Nyati huenda majini. Akasema, "Mahali tumepapata. Mmoja ametupa pa nje, mmoja ametupa pa ndani. Panatosha." Akaondoka. Baraza likavunjika.

Usiku ule Mama Mhanga hakwenda kula. Alilala mlangoni, pua kwenye miiba.

Asubuhi ya pili akaimba tena. Itikieni:

— Mwanangu wa shimoni,

— Ungali upo?

— Mama yupo mlangoni,

— Ungali upo?

Mtoto akajibu mara moja. Mmh. Halafu basi.

Siku ya pili ni watu. Kanga akatangaza kwamba ngano isiyo na watu ni upepo, na kwamba kila aliyemo kwenye ngano lazima aje mbele ya baraza ahesabiwe. Asiyehesabiwa hayumo.

Ngiri akaanza. "Nipo mimi," akasema, akainama. "Yupo mke wangu." Mke akaja, mkia juu, akainama. "Wapo wajomba zangu." Wakaja wajomba saba, wamefuatana, mikia saba juu, wakainama mmoja baada ya mwingine. Mjomba wa sita alikuwa hajui amekuja kufanya nini, lakini aliinama vizuri. Kanga akahesabu wote, akasema, "Tisa."

"Na wewe, mama?"

"Nipo mimi," akasema Mama Mhanga, "na yupo mwanangu."

Kanga akamhesabu yeye. "Mmoja. Mwana yuko wapi?"

"Yumo ndani."

"Aje mbele ya baraza."

"Hawezi kutembea. Hata macho hayajafunguka sawasawa."

"Basi mlete."

"Mmeweka mwiba."

"Mwiba hauondolewi mpaka hukumu," akasema Kanga.

"Basi mwanangu atakujaje?"

Hapo Kanga kidogo alitatizika, maana sheria mbili zilikuwa zimegongana kichwani mwake, na hajazoea. Akamtazama Nyati. Nyati akacheua. Akacheua tena. Akameza.

"Mama," akasema Nyati, tena kwa upole, sikilizeni, hakukaripia hata kidogo, "baraza halisemi mwana hayupo. Baraza linasema hajahesabiwa. Hayo ni mambo mawili. Kanga, andika mmoja."

Pundamilia mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Lakini jana sote tulisikia." Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, wewe ni msikilizaji." Akanyamaza. Na mimi huyo pundamilia ndiye ananiuma kuliko wote. Ngiri alikuwa na shida yake ya mvua, Nyati alikuwa na cheo chake, Kanga alikuwa na sheria zake. Yeye hakuwa na chochote cha kupoteza, akanyamaza.

Jua likafika utosini. Nyati akaenda majini.

Mama Mhanga akabaki. Maziwa yalimjaa mpaka yakamdondoka yenyewe kwenye vumbi, na ndani ya shimo hilo, hatua tisa tu kutoka mlangoni, mwanawe ana njaa. Nyemo, futa macho mwanangu, hatujafika.

Asubuhi ya tatu wingu lilikuwa limeshuka kutoka kilimani, zito, jeusi. Mama Mhanga akainama mlangoni. Imbeni, lakini polepole.

— Mwanangu wa shimoni,

— Ungali upo?

— Mama yupo mlangoni,

— Ungali upo?

Kimya.

Akaimba tena. Kimya. Akaimba mara ya tatu, sauti imemkauka. Ngiri akasema, "Mnaona? Nyumba imekwisha kutulia."

Siku ya tatu ni jambo. Kanga akasema, "Leo aanze mlalamikaji. Mama, sema jambo."

Siku tatu alikuwa akiisubiri ruhusa hiyo. Akasimama katikati ya baraza akasema maneno yale yale aliyokuja nayo siku ya kwanza. "Mwanangu amefungiwa ndani. Ana njaa. Mtoeni."

Basi wazee wakainamiana. Wakanong'ona. Kanga akanong'ona, Nyati akacheua, Kanga akanong'ona tena. Halafu Kanga akanyoosha shingo.

"Baraza limesikia," akasema. "Mahali papo, na pamekubalika. Jambo lipo, na ni zito. Lakini jambo hilo limempata mwana, na mwana hakuhesabiwa siku ya watu. Jambo haliwezi kumpata asiyekuwamo kwenye ngano. Kwa hiyo jambo halijatokea."

"Halijatokea," akasema Mama Mhanga.

"Kwa mujibu wa baraza. Una nafasi ya kuanza ngano upya. Siku ya kwanza mahali, siku ya pili—"

"Naijua," akasema Mama Mhanga.

Akautazama mwiba. Akamtazama Nyati. Hakulia na wala hakutukana. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

"Karani, nikichimba nini kinatokea?"

Kanga akafurahi, maana hilo analijua. "Aliyechimba penye kesi, moja, ameshindwa kesi. Mbili, nyumba anapewa mwenzake. Tatu, hatakuwa na nyumba ya kudumu katika Isolwa, yeye na kizazi chake. Atakayochimba leo ataiacha kesho, na yeyote atakayeikuta wazi ataingia, na baraza halitamsikiliza."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo matatu."

"Haya," akasema Mama Mhanga.

Akageuka. Hakwenda mlangoni. Alipita katikati ya wajomba saba, akazunguka nyuma ya kichuguu, na kuanzia usawa wa mlango akawa anatembea na kuhesabu. Hatua nne, akapinda kushoto. Hatua tatu. Hatua mbili. Akasimama juu ya ardhi ngumu ambayo kila mtu aliiona ni ardhi tu. Akakunja masikio nyuma, akapiga kucha.

Mmewahi kumwona mhanga akichimba? Udongo haumwagiki, unaruka. Uliruka ukampiga Kanga, Kanga akapiga kelele akakimbilia kwenye mgunga. Uliruka ukawapiga wajomba saba. Uliruka ukampiga Mzee Nyati usoni na mdomoni, na Nyati, kwa kuwa alikuwa katikati ya kucheua, akaendelea kucheua pamoja na udongo. Hakuna aliyemzuia. Sheria ilisema akichimba ameshindwa, haikusema ashikwe.

Akachimba mpaka mgongo ukapotea. Akachimba mpaka mkia ukapotea. Ikabaki ardhi inatapika udongo peke yake.

Kisha udongo ukaacha kuruka.

Wote wakanyoosha shingo kutazama tundu.

Mama Mhanga akatoka kinyumenyume, polepole, na mdomoni amebeba mtoto kwa ngozi ya shingo. Akamlaza juu ya udongo mbichi. Mtoto alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha. Hakutikisika. Akamlamba pua, hakutikisika. Akamlamba tumbo, hakutikisika. Akamlamba sikio lile lililojikunja, akalilamba mpaka likakunjuka, na sikio likacheza.

Likacheza, ndiyo. Halafu mdomo ukafunguka. Halafu yule mtoto, macho hayaoni, akaanza kutafuta ziwa kwa pua, akaenda kulia akakosa, akaenda kushoto akapata. Akanyonya. Alinyonya kwa kelele, kama mtu asiye na adabu, na baraza zima la Isolwa likasimama likimsikiliza.

Ahaa, sasa mnapumua. Pumueni.

Nyati akameza, udongo na vyote. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Kanga, kutoka juu ya mgunga, akasema, "Hayumo kwenye hesabu, Mzee."

Nyati akamtazama mtoto. Akamtazama Kanga. Nadhani kuna kitu alitaka kusema, maana mdomo ulimtikisika, lakini jua lilikuwa karibu utosini. "Basi hukumu," akasema.

Kanga akasoma hukumu. Mama Mhanga ameshindwa. Nyumba ni ya Bwana Ngiri. Mwiba uondolewe. Mama Mhanga na kizazi chake hawatakuwa na nyumba ya kudumu. "Mlalamikaji ana la kusema?"

Mama Mhanga alikuwa amelala ubavu, ananyonyesha. "Ngoja amalize," akasema.

Wakangoja. Mtoto hakuwa na haraka. Alipomaliza, alicheua kidogo, akalala. Mama Mhanga akamwinua kwa ngozi ya shingo, na kwa kuwa mdomo umejaa, hakusema la ziada. Akaondoka kupita kati ya pundamilia, na pundamilia wakampisha njia, wanatazama chini. Jioni ile akachimba nyumba nyingine, upande wa pili wa nyika, kona moja tu na chumba. Akalala na mwanawe. Kesho yake akaiacha, kama alivyohukumiwa, akachimba nyingine.

Na Ngiri? Ngiri alishinda, msimsahau mshindi. Aliwashukuru wazee kwa maneno mazuri sana. Mwiba ukaondolewa, akaingia kwake kwa heshima, makalio mbele, pembe nyuma, macho yanatazama nje. Mvua ikaanza. Akaitazama mvua inavyonyesha kule nje, akasema moyoni, nyie mlioko nje poleni.

Halafu akahisi maji matakoni.

Akatazama mbele, mlangoni pakavu. Akatazama kulia, pakavu. Maji yanapanda. Yamefika tumboni, na yeye bado anatazama mlangoni anatafuta yalikoingilia. Yalikuwa yanaingilia chumbani, kwa juu, kwenye tundu alilochimba mama wa watu, lakini huko Ngiri hakuwahi kukutazama, na kugeuka alikuwa hawezi. Akatoka mbio mkia juu, akalowa kama wale wa nje aliowapa pole.

Ndiyo maana mpaka leo mhanga anachimba, analala, anahama. Ndiyo maana ngiri anazunguka nyikani anatafuta mashimo ya mhanga, na akiingia anaingia kinyumenyume, na mvua ikinyesha hakai humo kwa amani. Wawindaji watakwambia. Kama hawakwambii, hawakuangalia.

Na mafunzo yake, maana Mazengo ameshaanza kupiga miayo, ni haya. Ngano ina mahali, ina watu, ina jambo, na mwalimu wa Nyemo yuko sawa kabisa. Ukisimulia, fuata hivyo, watu wasipotee. Lakini mtu akija kwako analia, umekaa hapo na akili zako zote, usimwambie aanze mwanzo. Mwache aanzie mtoto alipo. Hayo mengine mtaulizana njiani, mkienda.

Ngano yangu imeishia hapo, ikisha nami nimekwisha. Niliwaacha kulekule Isolwa, Nyati anasukutua udongo, Kanga anaogopa kushuka mtini. Ningekaa nione mwisho wao, lakini walitaka kunihesabu, nikaona nirudi zangu nyumbani.